Piano Hii ni ya Mwaka Gani? Kufuatilia Historia ya Piano Kuukuu na Vinanda vya Mwanzo vya Umeme

Swali huja lilelile: “Fundi, hii piano ni ya mwaka gani?” Mara nyingi anayeuliza huwa ameshakuja na jibu lake mfukoni. Ni ya Mjerumani. Ni ya wamisionari wa kwanza. Ina miaka mia mbili. Nimejifunza kutobisha na kutoitikia. Nafungua daftari, napiga mstari katikati ya ukurasa, kushoto naandika “si kabla ya”, kulia naandika “si baada ya”. Kazi yote iliyobaki ni kuzisogeza tarehe za pande hizo mbili mpaka zikaribiane.

Karibu kila alama utakayoikuta kwenye chombo inakupa mpaka wa upande mmoja tu. Medali ya maonyesho ya 1889 iliyochapwa kwenye ubao haisemi kwamba piano ni ya 1889. Inasema haiwezi kuwa ya 1888. Wengi hujikwaa hapo, wakiwemo wauzaji wa mnadani wenye suti nzuri.

Nitatumia kisa kimoja cha kweli kama uzi wa mwongozo huu: piano ya wima iliyokuwa imeegemezwa ukutani kwenye ukumbi wa kanisa moja la mjini. Mzee mmoja wa kanisa aliapa kwamba iliachwa na Wajerumani walipoondoka wakati wa Vita ya Kwanza.

Kabla hujagusa kitu

Chukua tochi, bisibisi, brashi laini na simu yenye kamera nzuri. Piga picha kila hatua kabla ya kufungua, maana vumbi lenyewe, karatasi zilizodondokea ndani na hata viota vya panya vinaweza kuwa ushahidi. Siku moja nilikuta tiketi ya basi chini ya vibonyezo. Ndiyo iliyonionyesha piano ilikuwa mji gani kabla ya kuhamishwa.

Piano ya wima hufunguka kirahisi. Inua mfuniko wa juu, tafuta vibanio viwili kwa ndani, na ubao wa mbele utatoka. Ubao wa chini kwa kawaida umeshikwa na springi moja. Usiguse vigingi vya chuma vinavyokaza nyuzi. Nyuzi za piano kwa jumla zinavuta kwa nguvu ya tani zaidi ya 15, na mbao kuukuu hazina subira.

Kama chombo ni cha umeme, usikichomeke ukutani. Vingi vilivyotoka Marekani viliundwa kwa umeme wa volti 110 hadi 120, nasi huku tuna 230. Moshi utakaotoka utakuwa ndiyo mwisho wa utafiti wako. Na hata kisipochomekwa, kapasita zake zinaweza kuwa zimehifadhi umeme wa kutosha kukurusha.

Jina la mbele si lazima liwe jina la kiwanda

Jina la dhahabu juu ya vibonyezo ndilo watu hulitazama kwanza, na ndilo linalodanganya kuliko yote. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, viwanda vya London, Berlin na Marekani viliuza maelfu ya piano zisizo na jina kwa wenye maduka, na kila duka likabandika jina lake. Kwa hiyo jina unalolisoma linaweza kuwa la mtu aliyekuwa akiuza piano, makabati na baiskeli kwa pamoja.

Hata hivyo usilitupe. Andika kila herufi kama ilivyo, pamoja na anwani. Makampuni yalibadilisha majina, na mabadiliko hayo yana tarehe. Broadwood wa London waliandika “& Son” kuanzia 1795, wakaandika “& Sons” kuanzia 1808; herufi moja tu, lakini inagawa historia. Yamaha ilijulikana rasmi kama Nippon Gakki kuanzia 1897 hadi 1987. Steinway walianza New York mwaka 1853, na “Hamburg” ikaingia kwenye hadithi yao 1880 walipofungua kiwanda huko. (Mwaka huohuo wa 1853 ndio Bechstein alianza Berlin na Blüthner akaanza Leipzig. Ukisikia mtu anasema piano yake ya mojawapo ya kampuni hizo tatu ni ya 1840, mpe chai tu.)

Tazama pia nchi ilivyoandikwa. Sheria ya Uingereza ya 1887 na ya ushuru ya Marekani ya 1890 zililazimisha bidhaa za kigeni zionyeshe zilikotoka, na ndiyo maana maneno “Made in Germany” au “Germany” huwa alama ya miaka ya mwisho ya karne ya 19 na kuendelea. “DDR” inakuweka kati ya 1949 na 1990, pande zote mbili za daftari kwa mpigo mmoja. Zawadi kama hiyo ni nadra.

Namba, na namba zisizo namba

Namba ya mfululizo hukaa kwenye fremu ya chuma ukifunua mfuniko wa juu, kwenye ubao ulioshika vigingi, au imegongwa kwenye mbao za ubavuni. Ukiipata, utailinganisha na orodha za viwanda. Kitabu kinachotumiwa na mafundi wengi ni Pierce Piano Atlas, na makampuni yaliyo hai huweka orodha zao kwenye tovuti.

Lakini kuwa mwangalifu kwa mambo mawili. Kwanza, si kila kiwanda kilianza na moja. Piano ya kwanza ya kampuni ya Steinway kule New York ilipewa namba 483. Viwanda vingine viliruka maelfu kadhaa ili mnunuzi adhani kampuni ni kubwa. Pili, piano moja hubeba namba nyingi: ya hataza (hati ya kulinda uvumbuzi), ya modeli, ya fundi aliyetengeneza kabati, na ya mtambo wa vinyundo vinavyopiga nyuzi, ambao kwa kawaida ulinunuliwa kutoka kiwanda kingine kabisa.

Huo mtambo ndio ulionisaidia kanisani. Kwenye reli yake ya mbao palikuwa na muhuri: Herrburger Brooks. Schwander na Herrburger walikuwa watengenezaji wa mitambo ya piano mjini Paris, na jina hilo la Brooks liliungana na lao mwaka 1920. Nikaandika upande wa kushoto: si kabla ya 1920. Mzee wa watu alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikusema kitu, kwa sababu mtambo unaweza kubadilishwa, na alama moja haitoshi kumvunjia mzee heshima mbele ya kwaya.

Ushahidi wa pili ukatoka kwenye vibonyezo. Ukimwomba fundi avitoe (usivitoe mwenyewe kama hujawahi), angalia ubavu wa kibonyezo cha kwanza kabisa kushoto na cha mwisho kulia. Wafanyakazi wa viwandani walikuwa na tabia ya kusaini hapo kwa penseli, pengine na tarehe. Kwenye kile cha kwanza paliandikwa herufi mbili za jina, kisha “26”. Inaweza kuwa siku, inaweza kuwa mwaka. Ikikaa karibu na muhuri wa baada ya 1920, nilijua naelemea wapi, lakini nikaiweka kwenye daftari na alama ya kuuliza.

Mwili wa piano

Hapa huhitaji maandishi, unahitaji macho. Fremu ya chuma iliyotupwa kwa kipande kimoja ilipewa hataza Boston mwaka 1825 na Alpheus Babcock, na Jonas Chickering akapata ya piano za kulala (zile kubwa zenye nyuzi zilizolazwa) mwaka 1843, lakini Ulaya ilichelewa kuikubali. Nyuzi zinazopishana kwa mshazari zilianza kuenea baada ya hataza ya Steinway ya 1859. Zikiwa zimesimama wima sambamba, piano ni ya zamani au ni ya bei rahisi, na hayo mawili ni rahisi sana kuyachanganya. Vibonyezo 85 badala ya 88 huashiria karne ya 19 au miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Na ukiona vizuizi vya sauti viko juu ya vinyundo vikishikwa na safu ya waya kama tundu la ndege, basi umekutana na piano ya wima ya mtindo wa zamani, uliopendwa mno na viwanda vya Uingereza. Mafundi huwa hatuupendi, kwa sababu ya hizo waya.

Pembe

Sasa tuje kwenye vibonyezo vyeupe, maana hapo historia ya piano inageuka na kututazama sisi.

Angalia kibonyezo kwa pembeni, chini ya mwanga wa tochi. Kama ni pembe ya ndovu, kwa kawaida utaona ni vipande viwili, kichwa kipana mbele na mkia mwembamba unaopita kati ya vibonyezo vyeusi, vikiwa vimeungana kwa mstari mwembamba kama unywele. Utaona pia nyuzinyuzi hafifu kama za ubao. Seluloidi na plastiki huwa kipande kimoja, na mistari yake, kama ipo, inanyooka mno. Kuna watu hushauri kuchoma kwa sindano ya moto. Usithubutu. Seluloidi ya zamani hushika moto kwa kasi, na pembe utaiharibu bure.

Pembe nyingi za vibonyezo vya piano za Marekani zilikatwa katika miji miwili midogo ya jimbo la Connecticut, Deep River na Ivoryton, na kampuni mbili: Pratt, Read & Co. na Comstock, Cheney & Co. Vipande vilianikwa ndani ya nyumba ndefu za vioo ili jua living’arishe. Na pembe zenyewe sehemu kubwa zilitoka Zanzibar. Sultani Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na konseli wa kwanza wa Marekani akafika Unguja 1837. Wanunuzi waliitaka pembe ya Afrika Mashariki kwa kuwa ni laini kuliko ya magharibi, haipasuki kirahisi inapokatwa kuwa nyembamba kama karatasi.

Kwa hiyo mtafiti anayesoma Kiswahili ana faida ambayo mwenzake wa Connecticut hana. Njia ya pembe ilipita Ujiji, Tabora na Bagamoyo, mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi waliolipwa na ya watumwa wasiolipwa, na mmoja wa waliozikusanya, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, ameacha maisha yake yameandikwa kwa Kiswahili chake mwenyewe. Ukikutana na neno frasila, hesabu kama kilo 16. Upande wa pili wa bahari, daftari za Pratt, Read ziko Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani, Washington. Kwetu, Nyaraka za Taifa Zanzibar pale Kilimani zina majalada ya ubalozi mdogo wa Uingereza wa karne ya 19. Nenda na barua ya utambulisho na uombe kibali mapema.

Lakini jizuie. Hata ukiwa na piano ya New York ya 1885 mbele yako, hutapata karatasi inayosema kibonyezo hiki kilitoka kwa ndovu yule. Na kwa piano za Ujerumani na Ufaransa za karibu 1900, pembe inaweza kuwa ilipitia soko la Antwerp ikitoka Kongo. Andika “yumkini”, na usione haya kuliandika.

Jambo la kiserikali kidogo: tangu ndovu wa Afrika wawekwe kwenye daraja la juu la ulinzi la CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, mwaka 1989, kuvusha mpaka chombo chenye pembe ni shughuli ya vibali. Uingereza inaruhusu kuuzwa kwa vyombo vya muziki vilivyotengenezwa kabla ya 1975 vyenye pembe chini ya asilimia 20, baada ya kuviandikisha. Hapo tarehe uliyoitafuta kwa udadisi inakuwa ya kisheria.

Kuandikia hifadhi za nyaraka

Baadhi ya viwanda viliandika kila piano iliyotoka mlangoni: namba, aina ya mbao, aliyenunua, ilikopelekwa. Daftari za Érard, Pleyel na Gaveau zinatunzwa na Philharmonie de Paris, na unaweza kuzisoma kwenye intaneti bure, ukurasa kwa ukurasa, kwa mwandiko wa makarani wenyewe. Za Broadwood ziko Surrey History Centre, Woking. Nyaraka za familia ya Steinway ziko LaGuardia and Wagner Archives, New York. Za Ujerumani zina mapengo makubwa. Kiwanda cha Blüthner kule Leipzig kiliteketea kwa mabomu Desemba 1943.

Ukiandika, usiwapelekee hadithi ya familia yako kurasa tatu. Namba, jina kama lilivyoandikwa, idadi ya vibonyezo, picha nne, na swali moja. Nimewahi kungoja jibu miezi mitano kutoka hifadhi fulani. Nilipolisoma tena ombi langu nikakuta namba niliyowapa ilikuwa ya mtambo wa vinyundo.

Vinanda vya umeme: hapa tarehe zimefichwa kwenye vipuri

Piano na umeme vilikutana mapema. Mwaka 1931 Bechstein, Siemens na mwanasayansi Walther Nernst, aliyekuwa tayari na Tuzo ya Nobel ya kemia, walitoa Neo-Bechstein, piano ya kulala isiyo na ubao wa sauti, nyuzi zake zikinaswa na vinasa vya sumaku na kutokea kwenye spika. Kabla yake Thaddeus Cahill alikuwa ameijaza sehemu ya jengo la New York, 1906, kwa mtambo wa Telharmonium wa uzito wa tani 200 hivi, akipeleka muziki kwa wateja kupitia nyaya za simu. Huo hutaukuta kwenye stoo ya mtu. Wala theremini ya RCA ya 1929, ala ya umeme inayopigwa kwa mikono hewani bila kuguswa, ambayo zilitengenezwa kama 500 tu. Utakachokikuta ni Hammond, Wurlitzer, Rhodes, Clavinet ya Hohner.

Anza na bamba la nyuma. Soma namba za hataza, kisha zitafute kwenye Google Patents. Ile ya Laurens Hammond ya kinanda chake, namba 1,956,350, ilitolewa Aprili 1934. Hataza pia inakuchorea mtambo wa ndani kwa usahihi ambao hakuna tangazo litakupa.

Kwenye Hammond kuna ushahidi ninaoupenda kuliko wote: namba ya mizunguko ya umeme. Magurudumu yake ya sauti huzungushwa na mota inayofuata mizunguko ya umeme wa ukutani. Marekani ni 60 kwa sekunde, kwetu na Ulaya ni 50. Ukiikuta Hammond ya mizunguko 60 huku kwetu, iliundwa kwa ajili ya soko la Marekani na ikaletwa baadaye, na bila kifaa cha kubadilisha itaimba chini kwa nusu-toni tatu. Kwaya inaweza kuhangaika miaka na “kinanda kilichochoka” kumbe kinanda kizima, kimehamishwa nchi tu.

Kisha fungua. Geuza potenshiometa, kile kipuri kinachozungushwa na nobu ya sauti, usome namba zilizogongwa kwa nyuma. Kwa vyombo vya Marekani tarakimu tatu za kwanza ni kiwanda: 137 ni CTS, 304 ni Stackpole. Zinazofuata ni mwaka na wiki. Basi 1377432 ni CTS, mwaka 1974, wiki ya 32. Spika nazo vivyo hivyo. 220 ni Jensen. Kwenye vipuri vya zamani zaidi mwaka huwa tarakimu moja tu, na itabidi uamue 6 ni ya 1946 au 1956 kwa ushahidi mwingine. Kipuri kilikaa stoo wiki au miezi kabla ya kufungwa, kwa hiyo yote haya yaende safu ya kushoto. Na tazama lehemu: ikiwa inang’aa kuliko jirani zake, hicho kipuri kiliwekwa na fundi redio wa mtaani, si kiwanda.

Piano za Rhodes zina muhuri wa tarakimu nne kwenye fremu ya ndani, kwa nyingi za miaka ya 70 wiki ikitangulia na mwaka ukifuata. Jina la nje nalo lina mpaka: “Fender Rhodes” likafupishwa kuwa “Rhodes” mwaka 1974. Wurlitzer yenye modeli 200A ni ya 1974 au baadaye. 200 bila A ilianza 1968.

Kuuliza wazee

Usimuulize mzee mwaka. Muulize kama ilikuwepo kabla ya Uhuru, kabla ya Mapinduzi, wakati wa Azimio la Arusha, alipokuwa darasa la ngapi, nani alikuwa mchungaji. Miaka utaipata mwenyewe nyumbani. Na uwe macho na neno “kinanda”. Katika Kiswahili cha zamani lilibeba ala ya nyuzi ya mwambao, harmoniamu, kodiani, piano, hata gramafoni. Mwambie akuonyeshe kwa mikono jinsi kilivyopigwa. Mikono haichanganyi.

Niliporudi kwa yule mzee wa kanisa nilimwambia, “Shikamoo mzee, ile piano ya Wajerumani ilikaa upande gani wa ukumbi?” Akaonyesha ukuta mwingine. Akasema ilikuwa na vishikio viwili vya mishumaa vya shaba. Ile niliyoifungua haina vishikio wala matundu ya skrubu ya vishikio. Wiki mbili baadaye mjukuu wake akaleta picha ya harusi ya zamani, na nyuma ya bibi harusi, ukutani alikoonyesha mzee, ipo piano yenye vishikio viwili. Zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikwenda wapi, daftari bado lina ukurasa mtupu.

Ya pili niliandika hivi: “Piano ya wima, jina la duka la London, mtengenezaji hajajulikana. Si kabla ya 1920. Yumkini 1926. Si baada ya 1938, kwa kumbukumbu ya kikao cha kamati kinachotaja kukarabatiwa.” Nakala moja nikampa mzee. Nyingine nimeitia kwenye bahasha na kuibana kwa skrubu ndani ya ubao wa chini, mbali na kanyagio, atakapoikuta fundi atakayefungua baada yangu.